Kimo cha Jolanda

Klabu ya wafugaji wa ng'ombe wa kahawia wa Uswisi ilikuwa inatimiza miaka sitini, na baada ya mabishano ya vikao vitatu wanachama walikubaliana kwamba ukuta wa magharibi wa banda la maonyesho ya kaunti upakwe rangi upya na uchorwe ng'ombe. Si ng'ombe wa kubuni. Walitaka ng'ombe halisi, aliyezaliwa na kukamuliwa na mmoja wao, mwenye jina na namba ya sikioni. Hapo ndipo mabishano yenyewe yalipoanza, maana kila nyumba katika bonde lile iliwahi kuwa na ng'ombe mmoja ambaye, ukiwasikiliza wenyewe, hajazaliwa mwingine wa kumfikia.

Katibu wa klabu alikuwa Lorna Disch, kwa hiyo kazi ilimwangukia yeye. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, watoto watatu, stashahada ya chuo cha ufundi, na tabia ya kumaliza jambo kabla wenzake hawajamaliza kulieleza. Alisimama akawaambia kwamba wakiendelea kusimuliana habari za ng'ombe waliokufa, ukuta utaoza bila rangi. Kila mwenye ng'ombe alete diski ya video. Yeye atazigeuza ziwe faili, atazitia kwenye flashi, na kila nyumba yenye wanachama itapewa flashi moja, waangalie kwa utulivu. Kura zitapigwa kwenye mkutano wa mwaka, Jumamosi ya pili ya Machi, baada ya chakula cha mchana.

Zilikuja diski kumi na mbili. Nyingi zilikuwa za yule bwana aliyekuwa akizunguka na kamera kwenye maonyesho ya kila kaunti, akimrekodi ng'ombe wako akizungushwa uwanjani, kisha anakuuzia diski kabla hujamrudisha ng'ombe kwenye lori. Saba zilikuwa za miaka ya mwanzo, wakati picha ilikuwa na umbo la runinga za zamani, karibu mraba. Tano zilikuwa za baadaye, bwana yule aliponunua kamera ya picha pana.

Lorna alizigeuza kwa siku nne, kati ya ukamuaji wa asubuhi na wa jioni, kwenye kompyuta ya ofisi iliyopakana na chumba cha tangi la maziwa. Programu ilimuuliza picha itoke kwa ukubwa gani. Kulikuwa na machaguo mengi, na moja lilisema ukubwa uleule wa chanzo. Akachagua hilo, kwa sababu mtu mwangalifu hachezi na mali ya wenzake. Alipomaliza alikagua kila faili: inacheza, ina sauti, haigandi katikati. Zote zilicheza. Akazipeleka.

Baada ya wiki moja simu zikaanza, na karibu zote zilikuwa zinamhusu ng'ombe mmoja.

Huyo alikuwa Jolanda, wa baba mkwe wake. Emil Disch alikuwa na miaka themanini na sita na aliishi kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja, hatua thelathini kutoka mlango wa Lorna. Alifuga kwa miaka sitini kabla ya kumwachia mwanawe Roland, na katika miaka hiyo yote alikiri kuwa na ng'ombe mmoja tu mzuri. Kwenye video, iliyorekodiwa mwaka 2008, Roland alikuwa amemshika Jolanda hatamu akimzungusha uwanjani, na Jolanda alitembea juu ya miguu mirefu kama ya swala, shingo imesimama, mwili umekazana. Wafugaji wa maziwa wa sehemu ile, ukiwaonyesha ng'ombe mrefu wa namna hiyo, hawaulizi swali la pili. Gordon Elmer, mwenyekiti, alisema alikuwa amesahau jinsi ng'ombe yule alivyokuwa na kimo. Alisema pia, ingawa hakupaswa, kwamba kwa anavyosikia mtaani kura zimeshapigwa.

Emil hakusema kitu. Ila tangu uamuzi wa ukuta upitishwe, alikuwa amemwomba Roland mara mbili amzungushe kwa gari hadi kwenye banda la maonyesho, katikati ya theluji, wakati hakuna maonyesho wala mtu. Mara zote mbili alikaa garini akautazama ukuta, kisha akasema turudi. Lorna hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mzee alitaka kumwona ng'ombe wake pale kabla hajaondoka duniani, na ilikuwa inaelekea atamwona.

Siku tisa kabla ya mkutano, Verena Kubly alikuja na sahani ya keki za tufaha. Alikuwa mjane wa miaka sabini, jirani wa shamba la tatu, mtu wa maneno machache. Alikaa jikoni bila kuvua koti, akauliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina, kisha akasema amekuja kumwondoa Perle kwenye orodha.

Perle alikuwa ng'ombe wa kaka yake, Walter. Walter alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita, na Verena ndiye aliyeleta diski, ya mwaka 2003. Lorna alimuuliza kwa nini. Verena alizungukazunguka kidogo. Alisema watu wanaongea. Wengine wana adabu, wanasema Perle aliumbwa karibu na ardhi. Wengine hawana adabu, wanasema ni kochi lenye pembe.

"Watu hawa wamesema nini cha maana tangu lini?" Lorna akasema. "Mwache abaki. Kura moja ni yako, atapata walau hiyo."

"Sitampigia."

"Humpigii ng'ombe wa kaka yako?"

"Nimemwangalia, Lorna. Nimemwangalia mara sita. Mimi miaka yote hii nilikuwa nasema alikuwa mrefu. Nikiwasimulia wajukuu, nawaambia mgongo wake ulifika hapa kwangu." Aliweka kiganja usawa wa kifua. "Kumbe ni mapenzi tu. Na Walter vilevile."

"Walter kafanyaje?"

"Mnene," Verena alisema. "Pale kwenye video ana tumbo, ana mashavu. Walter alikuwa kama mpini wa jembe, mama yetu alikuwa anamshonea suruali upya kila akinunua. Nimekaa pale najiuliza, hivi mimi namkumbuka nani?"

Lorna aliacha kukata keki. Yeye mwenyewe alimfahamu Walter vizuri. Alikuwa amekaa nyuma yake kanisani miaka kumi na minne, na mabega ya mtu yule hayakuwahi kumzibia madhabahu. Alimwambia Verena asimwondoe mtu yeyote kwanza, akamsindikiza hadi garini, akarudi moja kwa moja ofisini na rula.

Alifungua video ya Perle. Alipouacha mwili wa ng'ombe na kumtazama mtu, aliona kitu alichopaswa kukiona wiki tatu nyuma. Anayeongoza ng'ombe alikuwa pipa lenye kofia, na pipa hilo lilikuwa na uso wa Walter. Nyuma yake, ukutani mwa uwanja, kulikuwa na saa. Lorna alisimamisha picha, akaweka rula juu ya kioo. Saa ilikuwa na inchi nne kwenda juu na inchi nne na nusu kwa upana. Hakuna aliyetengeneza saa ya hivyo.

Akafungua ya Jolanda. Nyuma ya ng'ombe palikuwa na trekta limeegeshwa, gurudumu kubwa la nyuma likionekana lote. Upana inchi nne. Kimo inchi nne na robo tatu. Na mumewe Roland, ambaye alimuoa akiwa tayari ana umbo la gunia la chakula cha ng'ombe, alikuwa anapita mbele ya gurudumu hilo akiwa na kiuno.

Ilimchukua saa moja kusoma na kuelewa alichofanya. Diski za aina ile huweka kila picha ndani ya sanduku la kipimo kimoja, iwe ya umbo la zamani au pana. Pana hubanwa ili iingie, na ya zamani hutanuliwa kidogo ili ijae. Kisha, mahali ambapo mtazamaji hapaoni, diski hubeba agizo kwa mashine: hii itanue, au hii irudishe. Mashine ya kuchezea diski husoma agizo na kutii, ndiyo maana nyumbani kwa watu miaka yote picha ilitoka sawa. Lorna alikuwa ameiambia programu ichukue ukubwa uleule wa chanzo. Ikachukua sanduku na kuliacha agizo. Kosa moja, na matokeo mawili: ng'ombe watano wa picha pana wakawa warefu wembamba, na saba wa picha za zamani wakawa wafupi wapana.

Jambo lililomuudhi zaidi ni jingine. Flashi arobaini na sita zilikuwa zimeangaliwa na watu wasiopungua mia katika bonde zima. Kwenye kila video kulikuwa na binadamu, na binadamu wale walikuwa ama fito ama mapipa, watu wanaofahamiana tangu ubatizo. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu hakuna aliyewaangalia. Wote walikuwa wanaangalia miguu ya ng'ombe. Aliyemwangalia mtu alikuwa Verena peke yake, na yeye akaamua kwamba kosa liko kwenye kumbukumbu yake.

Jioni, wakati wa kukamua, alimweleza Roland. Roland alisikiliza huku akipangusa viwele, akauliza maswali mawili yenye akili, kisha akasema angekuwa yeye angeacha. Video ni video. Jolanda alikufa miaka kumi na mitatu iliyopita, Perle alikufa zamani zaidi, hakuna kati yao atakayelalamika. Na mzee je? Mzee ameshaanza kuamini.

Lorna alimjibu kwamba Verena naye ameshaanza kuamini, na anachoamini ni kwamba hamkumbuki kaka yake. Roland alikamua ng'ombe wawili. Kisha akasema basi amwambie mzee yeye mwenyewe, asiyasikie kutoka kwa Gordon.

Alikwenda asubuhi iliyofuata, baada ya kazi. Emil alikuwa anakula mkate na jibini mbele ya runinga iliyozimwa. Lorna hakukaa. Alimweleza kwa kifupi, kama anavyoeleza kila kitu: amekosea kugeuza diski, picha zimeharibika umbo, Jolanda anaonekana mrefu kuliko alivyokuwa, Perle anaonekana mfupi, atazigeuza zote upya na kuwatangazia watu kabla ya kura.

Emil alimaliza kutafuna.

"Nilimwona siku ya kwanza," alisema.

"Ulimwona nini?"

"Miguu si yake. Na shingo. Mimi nimemkamua ng'ombe yule miaka kumi na moja, Lorna, unadhani simjui miguu?"

"Na ukanyamaza."

"Ningemwambia nani?"

"Mimi niko hatua thelathini kutoka hapa, Baba. Unakuja kwangu ukiishiwa chumvi."

Emil alitazama runinga kana kwamba inaonyesha kitu. Alisema kwanza alidhani ni macho, daktari ameshamwambia yana ukungu. Akaangalia tena siku ya pili, akajua si macho. Siku ya tatu aliangalia kwa sababu alipenda kumwona hivyo.

"Ndivyo nilivyotaka awe," alisema. "Nilimzalisha mara tatu kwa fahali wa kimo, natafuta ndama mwenye miguu ile. Sikumpata. Halafu wewe unamtoa kwenye kompyuta."

"Sikukusudia."

"Ukimrudisha alivyokuwa, atashindwa."

"Pengine."

"Si pengine. Perle alimshinda akiwa hai, mara mbili."

"Basi alimshinda."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "We ni mgumu, mwanangu."

"Ulinijua hivyo kabla ya harusi. Ulimwonya Roland, aliniambia."

Emil hakucheka. Alisema afanye anavyotaka, klabu si yake. Lorna alipofika mlangoni alimwambia kwamba kama angetaka kuja mkutanoni, gari litaondoka saa tano na nusu, na kama hataki, atamletea chakula.

Alizigeuza diski zote kumi na mbili upya. Safari hii hakuamini kisanduku chochote. Aliziagiza pana zitoke pana na za zamani zitoke za zamani, kisha kwenye kila faili akatafuta kitu cha mviringo, ndoo, gurudumu, saa, mdomo wa debe la maziwa, akakipima kwa rula pande mbili. Kwenye video moja hakupata kitu cha mviringo kabisa, ikabidi asubiri hadi dakika ya sita ambapo mtoto anapita na puto. Puto lilikuwa duara. Akaweka tiki.

Shida ilitoka kwa Gordon, ambaye hata hakujali kuhusu kosa. Alisema makosa hutokea. Kilichomkera ni mistari myeusi. Klabu ilikuwa imekodi projekta na skrini kubwa pana kwa ajili ya mkutano, na Lorna alipomwonyesha jinsi video saba za zamani zitakavyotokea, na nafasi nyeusi kila upande, aliuliza kama haiwezekani kuzivuta zijae.

"Nikizivuta zinarudi kuwa makochi," Lorna akasema.

"Kidogo tu. Watu wanapenda kioo kijae, Lorna. Wataona kama hatukumaliza kazi."

"Perle alikuwa na upana gani, Gordon?"

"Nitajuaje?"

"Basi usimwongezee."

Gordon alisema hajawahi kuona mtu anayebishania weusi. Lakini projekta ilikuwa imekodiwa kwa jina la katibu, na waya ulikuwa kwenye mkoba wa katibu, kwa hiyo maneno yaliishia pale.

Jumamosi ya mkutano, saa tano na nusu, Emil alikuwa amesimama kando ya gari, amevaa suti ya maziko.

Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa, na watu walikula nyama ya nguruwe na viazi vya kuokwa kwa jibini kwenye meza ndefu, kisha wakashushia kahawa. Kabla ya kuzima taa Lorna alisimama akasema maneno yake kwa dakika moja na nusu. Alisema flashi walizoangalia hazifai. Kosa ni lake, si la mwenye kamera wala la mwenye ng'ombe. Ng'ombe warefu hawakuwa warefu kiasi kile, na wafupi hawakuwa wafupi kiasi kile. Aliyekwisha kuamua, aamue upya. Halafu akamgeukia Verena, mbele ya watu wote, akasema kwamba Walter alikuwa mwembamba na Verena alimkumbuka sawasawa. Akaketi.

Sauti za chini zilizagaa. Mtu mmoja wa meza ya nyuma alitaka kujua kama ng'ombe wake, ambaye mtaani alikuwa akitajwa wa tatu, alikuwa miongoni mwa warefu au wafupi. Lorna akamwambia atamwona.

Video zilikwenda kwa alfabeti. Alipofika Jolanda, watu waliweka vikombe chini. Alikuwa ng'ombe mzuri, hakuna aliyeweza kusema vinginevyo. Alikuwa pia ng'ombe wa kimo cha wastani, mwenye mwili mrefu, aliyekanyaga kwa uzito, na aliongozwa na Roland aliyejaa kuanzia kifuani hadi magotini.

"Kumbe Roland naye amerudi na tumbo lake," mtu akasema gizani, na watu wakacheka, Roland akiwa wa kwanza.

"Jolanda amepungua sana, jamani," mwingine akasema.

Hapo Emil alizungumza. Hakusimama, na hakupandisha sauti, ila ukumbi ulimnyamazia.

"Hajapungua," alisema. "Ndivyo alivyokuwa. Acheni miguu, angalieni nyuma, angalieni kiwele kilivyoshikwa. Ndama tisa. Hakuwahi kuugua kiwele hata siku moja."

Wakaangalia kiwele. Kwa sekunde kama ishirini watu themanini waliangalia kiwele cha ng'ombe aliyekufa zamani, wakitikisa vichwa kwa heshima.

Kisha, baada ya wengine wanne, akaja Perle. Alitokea katikati ya skrini, weusi huku na weusi huku, na alikuwa na kimo. Mgongo wake ulimfikia Walter kifuani, na Walter alikuwa mpini wa jembe wenye kofia. Perle alisimama, akageuza kichwa kwa kamera, akaendelea na safari yake taratibu, kama anayejua mahali anapokwenda. Lorna alimtazama Verena badala ya skrini. Verena alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha mezani. Hakuna aliyezungumzia mistari myeusi, hata Gordon.

Kura zilihesabiwa jikoni na watu watatu, Lorna hakuwa mmoja wao. Perle alipata thelathini na tatu. Jolanda alipata ishirini na tisa. Nyingine zilitawanyika, na kila aliyepata kura moja alijulikana ni nani aliyempigia.

Emil alinyanyuka kwa fimbo yake, akavuka ukumbi hadi meza ya Verena, na watu wakampisha. Alimpa mkono, akaushika kwa muda, akasema jambo ambalo wengine hawakulisikia. Verena alimwambia Lorna baadaye kwamba hakusema kitu cha maana, alimuuliza tu kama bado anayo ile hatamu ya ngozi ya Walter, kwa sababu mchoraji ataihitaji.

Garini Roland alijaribu habari za matope ya barabarani, zikafa zenyewe. Kufika nyumbani ilikuwa karibu saa kumi na ng'ombe walikuwa wameanza kuita. Lorna alibadilisha viatu, akapitia ofisini kuchukua daftari la dawa, akamkuta Emil amesimama mlangoni na suti yake na kofia kichwani.

"Sitakushukuru," alisema.

"Sikuombi."

"Nilitaka ule ukuta."

"Najua, Baba. Ndiyo maana nilikuja kukwambia mapema."

Ng'ambo, Roland aliwasha mashine ya kukamulia, nayo ikaanza kuvuta pumzi zake.

"Ile flashi niliyo nayo," Emil alisema, "ndiyo ile mbovu?"

"Ndiyo hiyo."

Aliitoa mfukoni. Alikuwa ameizungushia mpira ili isipotee. Lorna akamuuliza anataka nini: amwekee ile mpya, au amwachie hiyo, au zote mbili. Zote mbili zingeingia, nafasi ilikuwepo, na hakuna mtu angemuuliza anaangalia ipi nyumbani kwake.

Mzee alifikiri kwa muda mrefu kuliko Lorna alivyokuwa na nafasi. Lakini alimsubiri.

"Weka mpya," alisema hatimaye. "Hiyo nyingine ifute. Nikiwa nayo nitaiangalia hiyohiyo."

Lorna aliichomeka flashi, akamvutia kiti ambacho hakukikalia. Alifuta ya kwanza, akanakili ya pili, akaifungua kwa muda ili ahakikishe. Gurudumu la trekta lilikuwa duara. Emil aliinama karibu na kioo, macho yake yenye ukungu yakiwa inchi chache kutoka kwa ng'ombe, akamtazama akitembea hadi mwisho wa uwanja na kugeuka.

"Umefika muda wa kukamua," Lorna akasema.

"Nenda," alisema Emil. "Mimi naijua njia ya nyumbani."